Roboti Kwapani, Tezi Shingoni

Mgonjwa anayeambiwa ana uvimbe kwenye tezi ya thairoidi hushikwa na hofu mbili: saratani, na kovu litakalobaki shingoni. Roboti inajibu hiyo ya pili tu. Anayefikiria kupasuliwa kwa njia hii na aanzie hapo, maana matangazo ya hospitali hayaanzii hapo.

Tezi hii imekaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, imelikumbatia bomba la hewa. Nyuma yake hupita mishipa ya fahamu inayoendesha sauti, na pembeni kuna vijitezi, kwa kawaida vinne, vyenye ukubwa wa punje ya mchele, ambavyo hudhibiti kalsiamu mwilini. Ugumu wote wa upasuaji ni kuitoa tezi bila kuvigusa hivyo vingine. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, aliipunguzia kazi hiyo vifo kwa kiasi kikubwa, na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel. Mkato wa chini ya shingo, wenye sentimita nne hadi sita hivi, bado unaitwa kwa jina lake. Ukipangwa kufuata mkunjo wa ngozi, mara nyingi hufifia ukawa mstari mwembamba.

Mwaka 2007 huko Seoul, Korea Kusini, daktari Woong Youn Chung wa Chuo Kikuu cha Yonsei alianza kuifikia tezi kupitia kwapani kwa kutumia roboti. Neno hilo huwapotosha wengi. Mashine haiamui lolote. Daktari huketi hatua chache kutoka kitandani, akiangalia picha yenye kina iliyokuzwa hata mara kumi, na kila anachofanya kwa vidole hufuatwa na vyombo vidogo vilivyo ndani ya mwili. Mtetemo wa mkono huchujwa. Anachokosa, katika mashine nyingi zilizotumika hadi sasa, ni kuhisi ulaini au ugumu wa anachokishika.

Mkato wa kwapani wenyewe si mdogo kuliko wa shingoni. Zaidi ya hapo, ngozi huinuliwa juu ya msuli wa kifua ili kupata njia ya kufika shingoni, kwa hiyo kidonda cha ndani ni kikubwa zaidi. Upasuaji huchukua muda mrefu zaidi, gharama hupanda, na kifua kinaweza kukaa na ganzi kwa wiki au miezi. Kwa kuwa mkono huinuliwa muda wote huo, mishipa ya fahamu ya mkono yaweza kuvutika ikaumia, hatari ambayo mgonjwa wa mkato wa kawaida hana haja ya kuiwaza. Njia nyingine, ya kinywani, iliyopata umaarufu kupitia kazi ya Angkoon Anuwong wa Bangkok, haiachi kovu kwenye ngozi, lakini inaweza kuacha ganzi kidevuni. Ama kupotea kwa sauti au kushuka kwa kalsiamu, roboti haijaonyesha kwamba inazuia vizuri kuliko mkono wa daktari mzoefu.

Kuna jambo jingine ambalo Korea hiyohiyo inatufundisha. Watu wenye afya walipimwa shingo kwa ultrasaundi kwa wingi, hata kufikia 2011 saratani za thairoidi zilizogunduliwa zilikuwa takriban mara 15 ya zile za 1993. Vifo havikubadilika. Maana yake wengi walipasuliwa kwa ajili ya vivimbe ambavyo visingewadhuru. Huko Kobe, Japani, hospitali ya Kuma imekuwa tangu 1993 ikiwafuatilia wagonjwa wenye saratani ndogo isiyozidi sentimita moja bila kuwapasua mara moja, na wengi wao uvimbe haukui. Kabla ya kuuliza nipasuliwe vipi, uliza kama kuna haja ya kupasuliwa.

Anayefaa kwa roboti ni mwenye uvimbe mdogo, mwili usio mnene sana, na shingo ambayo haijawahi kupasuliwa. Rovu kubwa, kama lile la nyanda za juu ambako chumvi ilikosa madini joto, au lile lililoshuka nyuma ya mfupa wa kifua, hilo ni la mkato wa wazi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, ambao makovu huvimba kirahisi zaidi, hoja ya kulihamisha kovu ina uzito. Ila kifua ni mojawapo ya sehemu zinazopenda kuotesha makovu ya namna hiyo, hivyo njia ya roboti inayopitia kwenye matiti yaweza kukuzidishia unachokikimbia.

Muulize daktari amefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi, na wangapi kati ya wagonjwa wake walipata shida ya sauti. Muulize pia atafanya nini damu ikimshinda njiani. Jibu la kweli ni kwamba atafungua shingo palepale, na fomu ya ridhaa inapaswa kusema hivyo. Kama haisemi, dai iandikwe kabla hujatia sahihi.