MTOTO ALIYENYAMAZA NAYE ANAUMIA



Huku Ilemba, katika bonde la Ziwa Rukwa, wakati wa kilimo wazazi wengi tunashinda shambani. Watoto wanabaki nyumbani. Ziko nyumba ambamo mtoto mmoja ana matatizo makubwa ya tabia. Anapiga wenzake. Anavunja vyombo. Akikasirika, hata fimbo haimtulizi. Basi baba na mama wanahangaika na huyo tu, asubuhi hadi jioni.

Je, ndugu zake? Sisi husema, "Hao hawana neno, wamenyamaza." Lakini wahenga walisema: Kimya kingi kina mshindo mkuu.

DALILI ZA KUTAZAMA

Mtoto anayeumia hukataa kubaki nyumbani na mwenzake. Pengine anaanza tena kukojoa kitandani. Masomo yake yanashuka. Wengine huanza kuiga ukorofi, maana wameona mkorofi ndiye anayesikilizwa.

CHANZO NI NINI?

Malaria iliyopanda kichwani inaweza kubadili tabia ya mtoto. Vivyo hivyo kifafa, kuumia kichwa, au kutosikia vizuri. Tena, mtoto anayeona ugomvi na vipigo kila siku huweza kuwa mgomvi. Si kulogwa, wala si laana. Waeleze ndugu zake jambo hili kwa maneno mepesi, wasimchukie.

TUFANYE NINI?

1. Tuwalinde wadogo kwanza. Mtoto anayeumiza wenzake asiachwe nao peke yao. Mwombe bibi, shangazi au jirani mwema akae nao. Panga, visu, viberiti na dawa za shamba viwekwe mbali.

2. Binti mkubwa asifanywe askari. Kuchota maji anaweza. Kumzuia mwenzake anayerusha mawe ni kazi ya mtu mzima.

3. Kila mtoto apate muda wake. Hata mkiwa mnapukuchua mahindi, muulize: "Leo umeumizwa?" Msikilize mpaka mwisho. Usimkate kwa kusema, "Mvumilie, ni ndugu yako."

4. Amri iwe moja kwa wote: Hapa hatupigani. Na sisi wazazi tuifuate. Mtoto anayechapwa hujifunza kwamba mwenye nguvu hupiga. Jioni atampiga mdogo wake.

5. Mkorofi naye akifanya jema, asifiwe palepale, mbele ya wenzake.

6. Daftari na nguo za kila mtoto ziwe na mahali salama. Kikiharibiwa kitu, asiambiwe tu "nyamaza". Aliyeharibu asaidie kukitengeneza.

MSAADA UKO WAPI?

Anza zahanati au kituo cha afya. Waeleze yote, hata degedege la zamani. Wakiona inafaa, watakupeleka mbele, hadi hospitali ya mkoa iliyoko Sumbawanga mjini. Zungumza pia na mwalimu wake, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Usione haya.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na mzazi ana wajibu wa kumlinda. Anayepiga ni mtoto. Anayepigwa ni mtoto pia. Wote ni wetu.

Basi leo jioni, kabla ya kulala, mwite yule aliyenyamaza. Muulize, kisha umsikilize.