Kiu au Njaa: Habari za Ukame Ndani ya Mhindi

Uso wa jani la mhindi una matundu mengi mno, yasiyoonekana bila hadubini, yaitwayo stomata, na kila tundu hulindwa na jozi ya seli linzi, nyembamba katikati na nene kwenye ncha, ambazo hulifungua zinapojaa maji na kulifumba zinapolegea. Hewa ya ukaa, ambayo mmea huitumia kujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua, huingia kwa matundu hayohayo yanayotoa mvuke wa maji, hata ikawa mmea hauwezi kuzuia kiu bila kujitia njaa. Hauna ubongo wala neva za kupimia hasara hizo mbili, na bado uamuzi hufanyika.

Mjumbe mkuu wa uamuzi huo ni asidi absisiki, ambayo ni homoni, yaani kemikali inayotengenezwa kwa kiasi kidogo sana ili kuongoza kazi za seli. Jina lake lina asili ya neno lenye maana ya kupukutika, kwa sababu miongoni mwa tafiti zilizoifichua mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulikuwamo ule wa kudondoka kwa vitumba vya pamba. Jina hilo haliitendei haki, kwani kazi yake kubwa ni kuukabili ukame.

Namna seli inavyoitambua homoni hii ilibaki fumbo hadi mwaka 2009, wanasayansi wa Marekani na Ujerumani walipozibaini protini zinazoipokea. Ndani ya seli linzi kimo kimeng'enya kilicho tayari kwa kazi, ila maji yanapotosha hushikiliwa na protini nyingine kisitende lolote. Asidi absisiki ikishaingia katika kipokezi chake, kipokezi humgeukia mshikaji huyo na kumbana, na mfungwa akawa huru. Kimeng'enya hicho huamuru milango ya utando wa seli ifunguke, ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zikiwamo za potasiamu, zikatoka nje, maji yakazifuata, seli ikalegea na tundu likafumba.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mizizi ndiyo inayoitengeneza homoni hiyo na kuipeleka juu. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwa arabidopsi, mmea mdogo wa jamii ya haradali, ulionyesha kuwa mizizi iliyoonja ukavu hupeleka kipande kifupi cha protini kiitwacho CLE25, nalo jani, likishakipokea, hujitengenezea asidi absisiki lenyewe. Si lazima, hata hivyo, kila kilichothibitishwa katika mmea huo kiwe vivyo hivyo katika mahindi.

Ukame wa siku chache mhindi huustahimili, lakini ule unaoukuta ukichanua hauna msamaha. Mbelewele humwaga chavua karibu na wakati wake wa kawaida, ilhali ndevu, ambazo kila unywele wake umeungana na punje moja tu, hukua polepole kwa uhaba wa maji na chakula, zikachomoza chavua ikiwa imekwisha. Mvua ikinyesha baada ya hapo majani hukunjuka na kurudia ukijani wake, lakini gunzi hubaki na mapengo.