Chris Squire: mpiga besi aliyegoma kukaa nyuma

Leo tuongelee gitaa la besi. Tukivaa hedifoni hapa kafe tunasikiliza mwimbaji na gitaa la solo, basi. Besi tunaisikia kifuani tu, na mpigaji hata jina lake hatulijui. Kuna jamaa mmoja Mwingereza alikataa kabisa mambo hayo.

Chris Squire alizaliwa London tarehe 4 Machi 1948, utotoni akaimba kwaya ya kanisa. Mwaka 1964 shule ilimsimamisha kwa sababu ya nywele ndefu. Akapewa hela akanyoe, akaenda nyumbani, hakurudi tena. (Msiige jamani. Mimi nimemaliza fomu foo na bado nahangaika.) Akapata kazi duka la vyombo vya muziki, na mwaka 1965 akanunua hapo gitaa la Rickenbacker kwa bei ya wafanyakazi. Ndilo alilopiga karibu maisha yake yote.

Mwaka 1968 yeye na mwimbaji Jon Anderson wakaanzisha bendi ya Yes. Muziki wao unaitwa roki ya progresivu, yaani nyimbo ndefu zinazobadilika njiani kama hadithi. "Close to the Edge" ya 1972 inapita dakika 18! Humo besi haisindikizi tu, inabishana na gitaa na kinanda.

Sasa ile sauti aliipataje? Kwanza hakutumia vidole, alipiga nyuzi kwa kile kipande kigumu wanachotumia wapiga solo. Pili, na hapa ndipo penye utundu, aligawa sauti ya gitaa lake mara mbili. Sauti nzito akaipeleka kwenye amplifaya ya besi, ile nyembamba akaipeleka kwenye amplifaya ya gitaa la kawaida. Zikitoka pamoja unasikia mngurumo chini na makali juu. Tena gitaa lenyewe alilipaka rangi na kulikwangua mara nyingi mpaka mbao ikapungua unene, na aliamini hilo nalo lilichangia sauti.

Wenzake waliingia na kutoka, hata Anderson. Lakini kila albamu ya studio ya Yes, kuanzia ya 1969 hadi Heaven & Earth ya 2014, ina besi ya Squire. Hakuna mwingine mwenye rekodi hiyo pale.

Mei 2015 ikatangazwa ana saratani ya damu. Tarehe 27 Juni akafariki huko Phoenix, Marekani, miaka 67. Kwenye ziara iliyofuata bendi ilianza shoo kwa kuweka gitaa lake jukwaani peke yake likimulikwa taa, huku sauti yake ikitoka kwenye rekodi. Mwaka 2017 Yes walipoingizwa Rock and Roll Hall of Fame, besi ya "Roundabout" alipiga Geddy Lee wa Rush, ambaye naye ni nguli.

Yes bado wapo, besi anapiga Billy Sherwood, na Squire mwenyewe ndiye aliyemchagua. Anajua kazi, sibishi. Ila mimi nikisikiliza albamu za baada ya 2015 naona ni bendi nyingine yenye jina lilelile. Kama mnabisha, wekeni "Roundabout" ya 1971 kwa hedifoni, vumilieni lile gitaa la mwanzo mpaka besi iingie, halafu mje tubishane hapo chini.