Ahadi na Akiba: Uhamishaji wa Magawio Membamba ya Linux katika Uhifadhi wa Lugha za Pwani ya Kilwa na Lindi

1.0 Utangulizi

Tarikh ya Kilwa imewafikia wasomaji wa leo kwa njia mbili: muhtasari wa Kireno wa João de Barros (1552) na nakala ya Kiarabu iliyoko British Library, London, ambayo S. Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895. Utangulizi wa nakala hiyo unaahidi sura kumi. Zilizomo ni saba. Nakala yenyewe haibainishi kama sura tatu zilipotea katika kunakiliwa au hazikupata kuandikwa. Tatizo la aina hiyo humkabili pia mtafiti anayehamishia katika diski mpya rekodi za Kimgao, Kimatumbi, Kimachinga au Kimwera. Makala haya yanalieleza katika mfumo wa Linux, hususan kuhusu magawio membamba ya diski.

2.0 Dhana ya gawio jembamba

Kivumishi -embamba hakihusu ukubwa wa gawio, bali namna linavyotengewa nafasi. Gawio la kawaida hupewa nafasi yake yote linapoundwa. Gawio jembamba hupewa ahadi tu. Nafasi halisi huchotwa kidogo kidogo kutoka katika hazina ya pamoja kadiri data inavyoandikwa. Kwa mfano, magawio matatu yaliyoahidiwa gigabaiti 500 kila moja huweza kukaa katika hazina ya gigabaiti 600, mradi data iliyoandikwa haijaijaza. Utaratibu huu umo katika kiini cha Linux tangu toleo la 3.2 (2012).

Hazina ina sehemu mbili: data yenyewe, na daftari linaloonyesha kila kipande ni cha gawio lipi. Daftari likipotea, data hubaki kama kurasa zisizo na namba.

3.0 Njia mbili za kuhamisha

Njia ya kwanza ni kunakili kila gawio baiti kwa baiti. Nafasi ambayo haijaandikwa husomwa kama sifuri, na sifuri hizo huandikwa kwenye diski mpya. Matokeo yake ni mawili: ahadi ya gigabaiti 1,500 hudai gigabaiti 1,500 halisi, na tofauti kati ya kisichoandikwa na kilichoandikwa kuwa sifuri hufutika.

Njia ya pili ni kuhamisha hazina nzima. Diski mpya hutayarishwa kwa amri ya pvcreate na kuingizwa katika kundi la diski ya zamani kwa vgextend. Kisha pvmove huhamisha data pamoja na daftari lake, hata magawio yakiwa yanatumika. Mwishowe vgreduce huitoa diski ya zamani. Sharti ni kwamba diski mpya itoshe hazina yote, si data iliyomo tu, kwani pvmove haibagui vipande vitupu.

4.0 Hitimisho

Njia ya pili ndiyo inayohifadhi ahadi na akiba kwa pamoja. Hata hivyo, kuhamisha si kunakili: kazi ikiisha, data hubaki moja kama ilivyokuwa. Kwa hiyo nakala kamili iwekwe kwanza katika diski nyingine, na mafaili yalinganishwe kabla na baada ya uhamisho. Sauti ya mzee wa Kilwa Kivinje aliyekwisha fariki haiwezi kurekodiwa upya.