Rimu za aloi au za chuma? Mng'aro pekee haukufikishi Loiyangalani

Na MWANDISHI WETU

UKIPITA Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo wazee hadi leo huiita Grogan, utaziona rimu zimetundikwa mbele ya maduka ya vipuri kama masufuria sokoni. Za aloi ndizo huwekwa mbele, zimesuguliwa zikang'aa hata mtu anaweza kujitazama uso. Zile za chuma, nyeusi na zenye vitundu vitundu, hurundikwa nyuma, nyingine zikiwa zimeanza kushika kutu. Mwenye gari akifika hapo hahitaji kuambiwa achague zipi. Macho yake yamekwisha kuchagua.

Kwa mwenye gari dogo la kwendea kazini kutoka Donholm hadi katikati ya jiji, uchaguzi huo si wa kuumiza kichwa. Lakini kwa familia yenye fobaifo, inayofunga safari ya Samburu au Marsabit watoto wakiwa nyuma na gunia la unga juu ya paa, jambo hili lina uzito wake. Rimu ikivunjika katika Barabara Kuu ya Thika, utapiga simu na fundi atafika kabla hujamaliza kulalamika. Ikivunjika kati ya Baragoi na South Horr saa kumi na moja jioni, jitayarisheni kulala hapo.

Je, tofauti ni nini hasa?

Rimu ya chuma hutengenezwa kwa mabamba yaliyofinywa na mashine na kuchomelewa pamoja. Haina siri kubwa. Rimu ya aloi ni alumini iliyochanganywa na vitu vingine, hasa silikoni na magnesi kidogo, ikayeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Ziko nyingine ambazo hazimiminwi bali hufuliwa kwa mashine zenye nguvu nyingi, kama mhunzi afuavyo jembe. Hizo ni imara zaidi, na bei yake pia ni ya kukufanya uketi chini kwanza. Wala aloi si jambo la juzi. Magari ya mashindano ya Bugatti, aina ya Type 35, yalitoka na magurudumu ya alumini mwaka wa 1924.

Sifa inayotajwa sana ni wepesi. Ni kweli kwamba alumini ina uzito wa karibu thuluthi moja tu ya chuma, ukilinganisha vipande vya ukubwa sawa. Lakini muuzaji hatakueleza kwamba alumini huhitaji kuwekwa nene zaidi ili ihimili kazi ile ile. Basi ukizipima rimu mbili za fobaifo kwenye mizani, ya aloi na ya chuma, mara nyingi utakuta zimepishana kwa kilo chache tu, na ziko za aloi, hasa zile pana za urembo, ambazo ni nzito kuliko za chuma.

Hata hivyo kilo hizo chache si za kudharauliwa. Gurudumu ni uzito ambao haubebwi na springi, bali springi ndiyo inayohangaika kulituliza. Katika zile barabara za changarawe zilizojikunja kama mabati ya nyumba, gurudumu jepesi huinuka na kurudi chini upesi, likaendelea kuikamata ardhi. Gurudumu zito huchelewa kurudi, na gari huanza kuteleza upande bila dereva kujua sababu. Fauka ya hayo, alumini husafirisha joto upesi kuliko chuma, hivyo husaidia breki kupoa katika mteremko mrefu.

Hapo ndipo mtu wa aloi huchangamka na kusema kesi imekwisha. Ngoja kwanza.

Chuma kikigongwa na jiwe, hupinda. Aloi ya kumiminwa hupinda kidogo tu, kisha hupasuka au kumeguka ukingoni. Katika tofauti hii moja ndimo ulimo mjadala mzima. Rimu ya chuma iliyopinda itavuja upepo na itatetemesha usukani, lakini kwa nyundo na subira ukingo wake unaweza kurudishwa hadi ushike upepo tena. Kazi hiyo hufanywa chini ya mti, na kijana yeyote wa jua kali katika kituo chochote cha biashara nchini anaijua. Haitakuwa nzuri machoni, lakini itakufikisha Maralal.

Rimu ya aloi iliyomeguka haitengenezwi kwa nyundo. Kuchomelea alumini kunataka mtambo maalumu na gesi ya agoni, na hata ukimpata fundi mwenye mtambo huo, joto lake huharibu ugumu ambao kiwanda kiliupatia madini yale kwa kuyachoma na kuyapoza kwa kipimo. Ufa mdogo kwenye ukingo wa nje, fundi stadi anaweza kuuziba. Ufa kwenye mikono ya rimu, au karibu na matundu ya nati, usikubali uchomelewe hata ukihakikishiwa na nani. Rimu hiyo ni ya kuuzwa kama chuma chakavu. Gurudumu likikatika gari likienda kwa kasi, haliangalii kama ndani mna mtoto mchanga.

Si ajabu basi kwamba magari ya kazi, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizoanza kutengenezwa mwaka wa 1984, yamezoeleka yakiwa na rimu za chuma. Zitazame zile nyeupe za mashirika ya misaada zinazoingia Turkana na Kakuma. Hawa si watu wasiopenda kupendeza. Ni watu wanaohesabu siku ambazo gari litalala barabarani.

Kuna atakayeuliza: mbona madereva wa Safari Rally hutumia aloi? Mashindano hayo, yaliyoanza mwaka wa 1953 na kurejea katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 huko Naivasha, hupita kwenye mawe na vumbi jingi, na magari yanakwenda kwa kasi ya kutisha. Jawabu ni kwamba aloi zao si hizi za dukani, na rimu zenyewe ni ndogo, inchi 15 tu, ili tairi ibaki nene. Isitoshe, wana mafundi wanaowangoja kwenye kituo na rimu mpya rundo zima. Wewe unamsubiri shemeji yako.

Nikiulizwa mimi, nitasema kuna jambo kubwa kuliko aina ya madini, nalo huzungumzwa mara chache mno: ukubwa wa rimu. Chukua tairi ya 265/70R16. Ukuta wake, kutoka ukingo wa rimu hadi kwenye meno ya tairi, ni kama milimita 185. Sasa chukua 265/50R20, ambayo ikisimama ina kimo karibu sawa na ile ya kwanza. Ukuta wake ni milimita 132 tu. Zile milimita 53 zilizopotea ndizo zilizokuwa mto kati ya jiwe na rimu. Mtu anayenunua rimu za inchi 20 kwa ajili ya urembo kisha akaelekea kwenye mawe meusi ya volkano karibu na Loiyangalani, ziwe za aloi au za chuma, anakwenda kuzivunja. Waachieni matatu za jijini rimu hizo. Zinapendeza, na abiria vijana huchagua matatu kwa kutazama magurudumu, lakini matatu ya Umoja haiendi Chalbi.

Ukuta mrefu una faida nyingine. Kwenye mchanga, dereva hupunguza upepo, kutoka 35 hivi kwenye pima ya pampu hadi karibu 18, ili tairi itandaze wayo wake kama wa ngamia. Tairi fupi haina nafasi ya kutandaza. Ukiipunguza upepo rimu hukaribia kugusa ardhi. Na ukiisha kutoka mchangani, jaza upepo kabla ya kuongeza mwendo, maana tairi legevu hupata moto na kupasuka.

Tahadhari moja tu: rimu ndogo lazima ipite nje ya breki bila kugusa. Magari ya miaka ya karibuni yana breki kubwa, na mengine hayakubali kushuka chini ya inchi 17 au 18. Jaribu kwanza kabla ya kulipa.

Sasa tuje kwenye nati, kwa sababu hapa ndipo ajali hutokea. Katika fobaifo nyingi za Toyota, nati za rimu za aloi zina shingo iliyonyooka na washa bapa, ilhali nati za rimu za chuma zina kichwa cha mviringo kilichochongoka ili kiketi katika tundu lenye umbo hilo hilo. Ukivua aloi ukafunga chuma kwa nati zile zile, zitaonekana zimekaza, kumbe hazijaketi. Baada ya kilomita kadhaa za mtikisiko zitalegea zenyewe. Dalili ya kwanza ni mlio wa kugongagonga, na ya pili ni gurudumu lako likikupita barabarani.

Ubaya ni kwamba magari mengi yana tairi nne za aloi na ya akiba ya chuma. Siku ya pancha, usiku, mvua ikinyesha, ndipo unapogundua. Fungua kitabu cha gari leo usome nati ipi ni ya rimu ipi, na kama zinahitajika za aina mbili, weka za akiba kwenye mfuko pamoja na jeki. Vilevile hakikisha tairi ya akiba ina kimo sawa na nyingine. Katika gari ambalo magurudumu yote manne husukumwa wakati wote, kimo tofauti huilazimisha difu kufanya kazi isiyokoma, na difu ni ghali kuliko rimu.

Matundu nayo yana hesabu yake. Prado na Hilux zina matundu sita. Land Cruiser ya mfululizo wa 100 au 200 ina matano, na tangu 1999 mfululizo wa 70 pia una matano. Land Rover Defender ya zamani ina matano, lakini yamepangwa kwa duara kubwa zaidi, hivyo usidhani tano ni tano. Fundi akikwambia atayapanua kidogo kwa keekee, mshukuru na uondoke.

Ukiamua kununua aloi, igeuze utazame mgongoni. Zilizotengenezwa kwa kanuni za Japani huwa na chapa ya JWL, na zile za magari ya mizigo JWL-T. Tafuta pia kilo ambazo rimu moja inaruhusiwa kubeba. Gari la familia likijazwa mizigo, mafuta na watu linaweza kufikia kilo 3,000, na ekseli ya nyuma ikabeba kilo 1,700 kati ya hizo. Yaani kila rimu ya nyuma inabeba 850 hata kabla haijaangukia shimo. Rimu isiyo na maandishi yoyote mgongoni ni ule uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Za chuma zina ila zake pia. Kutu huanzia pale tairi inapoketi, upepo ukavuja polepole na ukalaumu tairi bure. Wakazi wa Mombasa na Malindi wanaijua chumvi ya bahari inavyofanya. Aloi nayo haisalimiki. Hutoa unga mweupe, na wakati mwingine hushikana na kitovu cha chuma hata gurudumu likakataa kutoka siku ya pancha. Grisi kidogo sana kwenye kitovu husaidia, lakini isiguse nati wala breki.

Halafu kuna matope. Baada ya kupita kwenye udongo mweusi wa Mara wakati wa mvua, usukani ukitetemeka kwenye lami usikimbilie gereji. Osha upande wa ndani wa rimu kwanza. Matope yaliyokauka upande mmoja hutosha kuutetemesha.

Kwa hivyo familia inunue zipi? Barabara nazo zimebadilika. Isiolo hadi Moyale, karibu kilomita 500 zilizokuwa za mawe na vumbi, zilikamilika kutiwa lami katika miaka ya 2010. Kama gari lako huacha lami Krismasi na Pasaka tu, na lilikuja kutoka Japani na aloi zake za kiwandani za inchi 16 au 17, sioni sababu ya kuzitoa. Pesa hizo zitie kwenye tairi nzuri tano na pampu ya upepo, au kwenye karo ya muhula ujao. Lakini anayefanya kazi kaskazini, au anayebeba mizigo kila wiki mbali na mafundi wa aloi, atumie chuma.

Ukinunua chuma kilichotumika, mwombe fundi aizungushe kwenye mashine ya kusawazisha magurudumu kabla hujatoa hela. Iliyopinda itaonekana ikicheza kama mlevi. Kaza nati kwa mpango wa kuvuka, si kwa kuzunguka, na uzikaze tena baada ya kilomita 80 hivi. Na zile aloi ulizozitoa usizigawe. Zifunge kwenye gunia uziweke stoo hadi siku ya kuliuza gari, kwa maana mnunuzi wa Nairobi hutazama magurudumu kabla hajafungua boneti.