Radikali na Mmenyuko-Mnyororo

Miongoni mwa istilahi za kemia zinazowatatiza wafasiri ni radikali na mmenyuko-mnyororo. Mwenye kutegemea kamusi ya jumla huenda akaandika "mwenye siasa kali", na mwanafunzi akapotea. Yafaa kwanza tuelewe jambo lenyewe. Tuchukue mfano wa mafuta ya alizeti yaliyokaa juani, katika duka mjini Morogoro, hadi yakachacha.

Bondi baina ya atomi mbili ni jozi ya elektroni. Bondi ikikatika sawasawa kwa nguvu ya mwanga au joto, kila upande huondoka na elektroni moja isiyo na mwenzi. Kipande hicho ndicho radikali, nacho hutafuta kukamilisha jozi yake. Moses Gomberg alitangaza radikali ya kwanza ya kaboni mwaka 1900, huko Michigan, Marekani.

Mmenyuko huu una hatua tatu. Katika uanzishaji, molekuli ya mafuta hupokonywa atomi ya hidrojeni, ikawa radikali. Katika uendelezaji, radikali hiyo huungana na oksijeni ya hewani, kisha hupokonya hidrojeni ya molekuli jirani. Jirani nayo huwa radikali, na kazi huanza upya. Katika ukomeshaji, radikali mbili hukutana na kuunganisha elektroni zao. Mazao ya hatua ya pili huvunjika baadaye na kutoa harufu mbaya.

Karafuu zinazolimwa Matombo, katika milima ya Uluguru, zina yujenoli. Hii huipa radikali hidrojeni, nayo hubaki radikali tulivu isiyoweza kuendeleza mmenyuko. Kuiita "kiuavijidudu" katika kazi hii ni kosa: uji huchachushwa na vijidudu, lakini mafuta haya yameharibiwa na oksijeni. Istilahi ifaayo ni kizuiaoksidishaji.

Kwa hiyo twapendekeza:

(a) Radikali itumike kwa chembe yenye elektroni isiyo na mwenzi tu. Fungu la atomi lililo sehemu ya molekuli liitwe kundi.

(b) Neno mnyororo lisiachwe peke yake, kwa kuwa asidi za mafuta zenyewe zina mnyororo wa kaboni. Umbo liitwe mnyororo wa kaboni; tendo liitwe mmenyuko-mnyororo.

(c) Mfululizo uwekwe kwa hatua zinazofuatana bila ya kuzaa upya ile ya kwanza.