Je, Wajua? Mkono wa Mreno Katika Meza ya Goma

Marafiki wawili wanaokula pamoja jioni katika mkahawa wa Goma, kando ya Ziwa Kivu, mara nyingi huletewa fufu, sombe, sambaza na pilipili. Fufu husongwa kwa unga wa muhogo, mara nyingine ukichanganywa na wa mahindi. Sombe ni majani ya muhogo yaliyotwangwa, kisha kuchemshwa kwa muda mrefu ili sumu yake iishe.

Muhogo, mahindi na pilipili kali asili yake ni bara la Amerika. Wareno, waliofika mlango wa Mto Kongo miaka ya 1480 wakiongozwa na Diogo Cão, walichangia sana kuyaleta mazao hayo Afrika kuanzia karne ya 16. Kutoka pwani, wakulima na wafanyabiashara Waafrika waliyaeneza hadi bara.

Sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, nao ni wageni: walihamishwa huko kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Huvuliwa usiku kwa taa, hukaangwa wazima na kuliwa kichwa hadi mkia.

Pilipili hizo za Amerika ndizo Wareno humpaka kuku wa kuchoma, pamoja na kitunguu saumu, limau na mafuta. Mapishi hayo yameshamiri pia Angola na Msumbiji.